Upana wa Baisikeli Yenye Mzigo

Ilikuwa saa kumi na mbili za asubuhi, na ukungu ungali umelala juu ya mto Lualaba hata ng'ambo haikuonekana. Tulikuwa upande wa Alunguli, ukingo wa kuume, tukingoja mtumbwi wa kutuvusha kwenda Kasuku. Msomaji aliyefika Kindu ajua kwamba mji huo umekatwa na mto: komini mbili, Kasuku na Mikelenge, zipo ukingo wa kushoto, na ya tatu, Alunguli, ipo huku kwa kuume, wala hakuna daraja. Mtu wa Alunguli akitaka kwenda ofisi za jimbo au kituo cha reli, hana budi kupanda chombo. Kadhalika kila mzigo utokao njia ya Kalima, uwe mchele, uwe mafuta ya mawese, uwe makala, hufika kwanza kwenye tope lile tulilokuwa tumesimama.

Kivukoni watu huhesabu watu. Asubuhi ile sisi tulihesabu baisikeli, tukafika thelathini na saba, tukaacha, maana nyingine zilikuwa zikizidi kutokeza katika ukungu. Tuseme mapema kwamba baisikeli hizi hazipandwi. Nyingine zimeondolewa mnyororo na pedali, kwa kuwa hazina kazi tena. Fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani, na nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti. Mwenye baisikeli hutembea upande wa kushoto, mkono mmoja umeshika fimbo ya mbele na mwingine ya nyuma, naye husukuma kutwa nzima. Huku Kongo wengi huiita baisikeli kinga, na wengine velo. Jina lolote utakaloipa, hapa Kindu ni mnyama wa kubebea mizigo.

Mtumbwi wetu ulichukua baisikeli tisa, watu kumi na wanne na mbuzi mmoja ambaye hakuipenda safari. Kabla ya kuingia, kila mzigo ulifunguliwa. Upande wa pili kila mzigo ukafungwa tena. Kisha ukaja mlima wa ukingo. Wawili wakasukuma, mmoja akavuta kwa kamba kutoka mbele, na baisikeli moja ikapanda. Ndipo wale wale watatu wakashuka kuichukua ya pili. Hakuna aliyewaagiza wala aliyewalipa. Ndiyo desturi ya mahali hapo.

Msomaji wa pwani asikiapo jina la Kasuku humfikiria ndege asemaye. Kasuku wa kijivu kweli yupo katika misitu ya Maniema, na kwa jinsi alivyokuwa akikamatwa mno, mataifa yalikubaliana mwaka 2016 kuipiga marufuku biashara ya kuwauza ng'ambo ndege waliokamatwa porini. Lakini Kasuku tunayoisema sisi ni komini ya mji, na upo pia mto wa jina hilo uingiao Lualaba upande wa kushoto. Ndege hatukumwona hata mmoja. Tuliona barabara nyekundu za udongo, vipande vya lami visivyo virefu, miembe mikubwa, nyumba za matofali za zamani, na kila mahali pikipiki zikipiga honi. Katikati ya hayo yote, polepole kama watu waendao mazikoni, walipita wasukumaji.

Tulikuja kwa ajili ya swali moja. Katika miji mingi ya dunia watu wanajadiliana siku hizi juu ya njia za baisikeli, yaani sehemu ya barabara iliyotengwa kwa ajili ya baisikeli peke yake. Umoja wa Mataifa uliiwekea hata baisikeli siku yake, tarehe 3 Juni, tangu mwaka 2018. Nasi tulitaka kujua, je, mji ambao baisikeli ndiyo inayoulisha, wenyewe wangetaka njia ya namna gani? Katika mitaa ya Kasuku tuliyopita hatukuiona njia ya namna hiyo hata moja.

Yatupasa kurudi nyuma kidogo. Katika nchi hii njia zilianza nyembamba. Misafara ya Waarabu na Waswahili iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 ilikwenda safu moja, mtu nyuma ya mtu, mzigo kichwani. Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871. Stanley alipita hapo pamoja na Tippu Tip mwaka 1876. Wote walifuata vijia vya upana wa nyayo. Misafara ile iliacha maumivu makubwa, maana wengi waliobebeshwa mizigo ile walikuwa watumwa. Iliacha pia vitu viwili ambavyo Maniema ingali navyo, mpunga na lugha hii tunayoandikia.

Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1906 na 1911 ilijengwa njia ya kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ili kuyakwepa maporomoko ya mto. Na kutoka Kindu kwenda chini mpaka Ubundu vyombo huweza kupita kama kilometa 300. Hivyo Kindu ukawa mji wa kushusha na kupakia. Lakini sikilizeni jambo hili. Reli ile hapo mwanzo ilikuwa na upana wa meta moja kamili, na reli za Katanga zilikuwa na upana wa sentimeta 106.7. Tofauti yenyewe ni kama vidole vinne vya mtu mzima. Kwa ajili ya vidole vinne behewa la Katanga halikuweza kwenda mbele kwenye reli ya Kindu. Mwaka 1955 reli ikapanuliwa, na mwaka 1956 ikaungwa na ile ya kusini, ndipo behewa likaja. Tunayasema haya kwa sababu tulikuja kuvikumbuka vidole hivyo kabla ya kuondoka Kasuku.

Vita vilipofika, kuanzia mwaka 1998 mpaka 2003, reli ilikatika, na malori yaliyoharibika hayakupata vipuri. Njia za gari zikaota majani, madaraja ya magogo yakaoza. Kilichoendelea kupita ni baisikeli. Chumvi, sabuni, vitambaa, dawa na samaki wa chumvi vilikwenda vijijini kwa baisikeli, na mchele na mafuta vikarudi kwa baisikeli. Tangu hapo garimoshi limerudi, ila hakuna mfanya biashara wa Kindu apangaye mambo yake kwa saa ya garimoshi. Pikipiki nazo zimekuja kwa wingi, nazo huchukua abiria na mizigo ya haraka. Mzigo mzito wa mtu asiye na fedha umebaki juu ya magurudumu mawili na mabega ya mwenyewe.

Wala si Maniema peke yake. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, maelfu ya watu walisukuma baisikeli msituni zikiwa na chakula na risasi za askari, nyingine zikibeba zaidi ya kilo 200, na usukani wao ulirefushwa kwa mti kama huu wa Kindu. Mabingwa wa vita waliodhani kwamba bila malori jeshi halilishwi walikuta wamekosea hesabu. Jirani zetu wa Goma nao wana chukudu, ile baisikeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti, na mjini kwao wameisimamishia sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu.

Siku ya pili tuliona jambo ambalo limetufanya tuandike. Palikuwa na barabara yenye mfereji wa maji ya mvua kando yake, mfereji ulio wazi, wenye kina cha kufika gotini. Mwanamume wa miaka arobaini hivi alikuwa akisukuma baisikeli yenye bidoni sita za mafuta ya mawese. Kila bidoni ni lita 20. Lita 120 za mawese zina uzito wa kama kilo 108, bila kuhesabu baisikeli yenyewe. Lori likaja kutoka mbele, pikipiki mbili zikatokea nyuma zikitaka kulitangulia lori kupita, na mtu yule akasogea pembeni kama alivyozoea. Gurudumu la mbele likaingia mfereji. Alishika fimbo kwa nguvu zake zote, nasi tuliokuwa hatua ishirini hivi kutoka hapo tukakimbia, lakini kilo mia moja zikishaanza kuanguka hazisubiri mtu. Bidoni mbili zilipasuka.

Mafuta mekundu yakatiririka juu ya maji machafu. Akina mama waliokuwa wakiuza sombe kando ya njia waliacha biashara yao wakaja na mabakuli kukinga yaliyokuwa bado yakitoka kwenye bidoni. Wakaokoa lita tatu au nne. Mwenyewe aliketi ukingoni. Hakulia wala hakutukana mtu. Alipokwisha kuvuta pumzi alitueleza kwamba alitoka kijiji cha mwendo wa siku tatu, na kwamba mafuta yale aliyachukua kwa mkopo, alipe akirudi. Faida ya safari nzima ilikuwa ndani ya zile bidoni mbili, na sehemu ya deni pia.

Tulimwuliza, "Ndugu, kwa nini ulikwenda pembeni hivyo?"

Akajibu, "Baba, katikati ni pa malori na pikipiki. Pembeni ni pa mfereji, na pasipo mfereji ni pa mama hawa na meza zao. Mimi pangu ni wapi?"

Swali hili hatukuwa na jibu lake. Ila tulikuwa na kamba ya kufungia mkoba wetu, nasi tukamwomba ruhusa ya kupima. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza, akasimama mahali pake kana kwamba anasukuma. Usukani wa baisikeli tupu ni kama sentimeta 60. Bidoni zikining'inia pande zote mbili, tulikuta meta moja. Na mtu mwenyewe, akitembea ubavuni na kiwiko chake kimetoka nje, tulikuta meta moja na nusu kasoro upana wa kiganja. Tukaifunga kamba fundo mahali hapo.

Sasa, vitabu vya wahandisi wa Ulaya humhesabu mpanda baisikeli mmoja kuwa ahitaji upana wa kama meta moja, kwa kuwa yeye huketi juu ya baisikeli yake na mzigo wake ni mkoba. Njia ya meta moja na nusu kwake ni raha. Mletee mtu wa Kindu njia hiyo hiyo, umemletea kijia cha msafara, safu moja, bila nafasi ya kumpisha mwenzake atokaye mbele. Wawili wenye mizigo wakikutana wahitaji meta tatu. Fundi anayechora njia ya baisikeli kwa Kasuku akiwa amefungua kitabu cha mahali pengine ataijenga vizuri, kwa saruji safi, na hakuna atakayepita humo ila watoto wa shule na pikipiki. Ndivyo tulivyovikumbuka vidole vinne vya reli.

Si dhana tupu. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwezi wa Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, na kando ya barabara ile zikajengwa njia za waendao kwa miguu na za baisikeli. Ni kazi njema, na wapanda baisikeli wa mji ule, wenye umoja wao uitwao UWABA, walikuwa wamedai kwa miaka mingi, tena kwa maandamano ya baisikeli, wakumbukwe barabarani. Lakini apitaye huko huona pikipiki zimeingia humo msongamano unapozidi, na wachuuzi wametandika nguo na matunda penye kivuli. Nairobi, serikali ya kaunti ilitoa mwaka 2015 mpango wa kutenga asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa ajili ya wenye miguu na wenye baisikeli. Karatasi ile yasifiwa kwa haki. Hata hivyo mpanda baisikeli wa Nairobi angali anakuta njia yake imekatika ghafla mbele ya nguzo au mtaro. Kampala, mpango wa kuzifanya Namirembe Road na Luwum Street kuwa za miguu na baisikeli ulizungumzwa miaka mingi kabla ya kujengwa, na wenye biashara walikuwa na wasiwasi wao. Tusiwacheke. Hata Uholanzi, nchi ambayo leo watu huitaja kana kwamba ilizaliwa na njia za baisikeli, mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka nje, wakakaa katikati ya barabara, wakadai. Zilipojengwa njia za kwanza za majaribio katika mji wa The Hague, wenye maduka walipinga vikali.

Kwa hiyo neno la kuwauliza watu si jambo la adabu tu. Ndimo kipimo cha kweli kinamopatikana. Nayo sheria ya Kongo yataka hivyo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kanuni za kuhifadhi mazingira, yasema kwamba kazi yoyote inayoweza kuyagusa mazingira itanguliwe na uchunguzi wa hadhara, maana yake wenyeji waelezwe na wasikilizwe kabla sururu haijapigwa ardhini. Tena sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, iliyozipa miji na komini madaraka yake, imeweka matengenezo ya njia za komini na masoko yake mikononi mwa baraza la komini. Kwa muda mrefu mabaraza hayo hayakuchaguliwa. Mwezi wa Desemba 2023 ndipo wananchi wa komini za miji mikuu ya majimbo walipopiga kura kuwachagua washauri wao. Basi mlango upo. Shida ni kwamba asukumaye hana siku ya mkutano. Tangazo likibandikwa kwa Kifaransa kwenye ukuta wa ofisi, siku ya Jumanne saa nne, yeye yupo kilometa 60 kutoka hapo, msituni, akifunga tairi lililopasuka kwa utepe wa mpira. Atakayehudhuria ni mwenye gari na mwenye duka, nao watasema mambo yao, na kitabu kitaandikwa kwamba wananchi wamesikilizwa.

Jumapili, baada ya Misa, tuliketi chini ya mwembe mmoja pamoja na watu waliotaka kuzungumza. Haukuwa mkutano, na hakuna aliyeandika majina. Yule mwenye mafuta alikuja, na wasukumaji wenzake wanne. Mama wawili wauzaji. Mwenye pikipiki mmoja aliyebaki juu ya pikipiki yake muda wote. Mzee ambaye baba yake alikuwa kantonye, yaani mmoja wa watu waliowekwa zamani kuitunza kila mtu kipande chake cha barabara. Na msichana wa shule ya sekondari mwenye baisikeli ndogo, ambaye kila siku humpakia mdogo wake nyuma.

Mama wa kwanza hakungoja. "Mkiwapa hawa njia yao, mtaitoa wapi? Mtaitoa mezani petu." Wasukumaji wakanyamaza, maana ndio hao mama waliokinga mafuta. Mmoja akasema kwa upole kwamba yeye mwenyewe hununua sombe hapo, na kama mama wataondolewa atakula nini. Wakacheka wote, lakini jambo lilibaki palepale, na tunaona halina dawa rahisi. Barabara ni moja, na kila mtu anayeishi kwayo amelipata pindo lake kwa taabu.

Mwenye pikipiki alisema kweli bila haya. "Baba, mkitengeneza njia nzuri kando, sisi tutaipita. Lami ikiwa tupu, na abiria anasema ana haraka, mimi nifanye nini?" Mtu mmoja akashauri nguzo ziwekwe mlangoni mwa njia ili pikipiki isiingie. Ndipo tukaitoa kamba yetu yenye fundo. Pikipiki ya mtu yule, kwenye usukani, ilikuwa sentimeta 80 hivi. Nguzo ya kuizuia pikipiki itaizuia kwanza baisikeli yenye mzigo. Na nguzo itakayoipisha baisikeli yenye mzigo itazipisha pikipiki zote za Kindu. Watu wakaitazama kamba, kisha wakatazamana. Hatujui mhandisi aliyelifumbua fumbo hili. Huenda yupo, lakini hatamaliza kazi yake bila kumwona kwanza mtu mwenye bidoni sita.

Msichana alikuwa na hofu nyingine. Alisema kwamba yeye haogopi malori kama anavyoiogopa baisikeli ya mzigo penye mteremko, kwa sababu nyingi hazina breki, na mwenye kuishika huwa anavutwa nayo, visigino vikichimba udongo. Akiwa nyuma yake hawezi kupita. Akiwa mbele yake anasali. Kwa hiyo hata ndani ya jamaa hii moja ya baisikeli hakuna mtu mmoja. Arukaye na asukumaye wahitaji kupishana, na penye mteremko wahitaji kutengana. Jambo hili hatukulifikiria kabla ya kulisikia kwake, na ana miaka kumi na sita.

Mzee wa kantonye ndiye aliyetupeleka mahali tusipopatarajia. Alisema wazo la njia mpya ni zuri, lakini mfereji tayari una upana wa karibu meta moja, nao huliwa na barabara pande zote mbili. "Ufunikeni. Wekeni mabamba ya saruji juu yake. Maji yapite chini, mtu apite juu." Baba yake, alisema, alijua kila mfereji wa kipande chake, na mvua ikinyesha usiku aliamka. Wasukumaji walilipenda neno hili. Kisha mmoja akauliza nani atayainua mabamba kuzoa takataka, maana mfereji uliofunikwa usiosafishwa hufurika nyumbani mwa watu, na mwingine akasema bamba likivunjika na kuacha shimo usiku ni baya kuliko mfereji ulio wazi, kwa kuwa mfereji angalau unajulikana ulipo. Mzee akakubali. Akasema, "Basi, pamoja na bamba, tafuteni mtu."

Maneno mengine yalikuwa madogo, nasi tuliyaandika pia: kwamba kingo ya njia isiwe na kidato, kwa sababu hakuna awezaye kuinua kilo mia juu ya kidato cha kiganja kimoja, kwamba vyuma vya kuchujia maji vikiwekwa, matundu yake yakate njia, yasifuate njia, la sivyo gurudumu litazama, kwamba kazi yote ianzie kivukoni, kwenye mlima ule wa tope, maana njia nzuri inayoanza juu ya mlima haimsaidii aliyekwama chini. Hili la mwisho walilisema wote kwa sauti moja, hata mwenye pikipiki.

Tukawauliza, wakubwa wakitaka kuwasikiliza, waje lini na wapi? Hapo hawakufikiri hata kidogo. Waje kivukoni, wakasema, alfajiri, kabla mizigo haijafungwa tena. Wakati ule mikono imepumzika, na kila mtu yupo.

Sisi wenyewe tuliondoka asubuhi iliyofuata kwa njia ile ile. Ukungu ulikuwapo kama siku ya kwanza. Yule mwenye mafuta alikuwa kivukoni akirudi kijijini kwake, na baisikeli yake ilikuwa nyepesi: bidoni nne tupu, gunia la chumvi lisilojaa, na zile mbili zilizopasuka, ambazo alikuwa akizipeleka kuzibwa kwa moto. Mwenye kumkopesha, alisema, ni mjomba wa mke wake, watazungumza. Bidoni moja ilikuwa ikilegea. Alitazama huku na huku, akatazama mkoba wetu, akaomba ile kamba. Tulimpa. Akafungua fundo letu kwa meno, akaizungusha kamba mara tatu, akakaza, akaishusha baisikeli mtumbwini.